Si Kila Maumivu ya Taya ni Jino Bovu
Namna zahanati zetu zinavyoweza kuchunguza kiungo cha taya na mkutano wa meno



Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo ni nadra kupata nafasi katika taarifa za afya: maumivu ya kiungo cha taya, na matatizo ya namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana. Tumelichagua kwa sababu ya hali halisi ya vijijini. Katika Wilaya ya Misungwi, kama ilivyo sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, mtu anayeumwa upande mmoja wa uso hufika zahanati akiwa amekwisha kujiamulia tiba, nayo ni jino ling'olewe. Ametumia nauli, ameacha shamba, na amekesha usiku kucha. Mhudumu ni mmoja na foleni ni ndefu. Jino linang'olewa.

Wengi hupona, kwa kuwa kweli lilikuwa jino bovu. Lakini wapo wanaorudi baada ya wiki mbili na maumivu yale yale, safari hii wakionyesha jino la jirani. Hilo nalo likitolewa, maumivu yanabaki palepale, kwa sababu tangu mwanzo hayakutoka kwenye jino. Yalitoka kwenye kiungo cha taya au kwenye misuli ya kutafunia. Mgonjwa huyo amepoteza meno mazima mawili ambayo hayataota tena.

Uchunguzi wa kuzuia hasara hiyo hauhitaji mashine. Unahitaji vidole, masikio, rula, taa na muda wa kama dakika kumi. Ndiyo maana tunaona ni jambo ambalo kamati za parokia na wafadhili wanapaswa kulifahamu.

KIUNGO CHENYEWE

Msomaji anaweza kujifunza juu ya kiungo hiki sasa hivi. Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya sikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Utasikia kitu kikisogea chini ya kidole. Hicho ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kinachokaa katika kishimo kilicho kwenye mfupa wa fuvu. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kisahani laini kinachofanya kazi ya mto, ili mfupa usisuguane na mfupa.

Kiungo hiki kina tabia mbili ambazo viungo vingi havina. Kwanza, hakizunguki tu kama bawaba ya mlango, bali pia huteleza kwenda mbele tunapofungua mdomo sana. Pili, viungo vya pande mbili vimeunganishwa na mfupa mmoja, hivyo cha kulia hakiwezi kufanya kazi bila cha kushoto. Kimoja kikiumia, mwenzake hubeba mzigo.

Kinachoendesha kiungo hiki ni misuli. Mikubwa iko shavuni, na mwingine umetandaa kwenye panja. Uma meno kwa nguvu huku umeshika panja lako, nawe utausikia ukijaa. Ndiyo sababu mtu mwenye misuli ya taya iliyochoka huweza kulalamika kuwa anaumwa kichwa, na mtu mwenye kiungo kilichoumia hulalamika kuwa anaumwa sikio. Wa kwanza huenda akapewa dawa ya malaria, na wa pili dawa ya kudondoshea sikioni, na wote wawili wasipate nafuu.

Tatizo hili si la watu wachache. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu duniani ni kwamba kati ya watu wazima 100, 5 hadi 12 wana maumivu ya aina hii. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na umri wa kati ya miaka 20 na 40 ndio unaoongoza.

JE, MENO YALIYOPINDA NDIYO CHANZO?

Hapa tunaomba wasomaji wawe makini, maana dhana ya zamani bado inatembea. Mwaka 1934 daktari wa Marekani wa magonjwa ya masikio, pua na koo, James Costen, aliandika kuwa maumivu ya kiungo cha taya na ya sikio yanatokana na mtu kupoteza magego na taya kukaa vibaya. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaktari wa meno walitibu maumivu ya taya kwa kusaga meno, kuyainua au kuyapanga upya ili yakutane vizuri.

Utafiti wa miaka iliyofuata haukuunga mkono dhana hiyo. Watu wengi wenye meno yaliyopishana hawana maumivu yoyote, na watu wengi wenye meno yaliyopangika vizuri wanaumwa. Tunao mfano wa hapa nchini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto 1,601 wa shule za Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, wenye umri wa miaka 12 hadi 14, walipimwa meno. Asilimia 63.8 walikuwa na angalau kasoro moja ya mpangilio au mkutano wa meno. Kama kasoro hizo zingekuwa ndizo chanzo cha maumivu ya taya, zaidi ya nusu ya watoto wale wangekuwa wagonjwa.

Maana yake si kwamba mkutano wa meno haufai kupimwa. Unapimwa, ila kwa sababu nyingine. Mkutano wa meno uliobadilika ghafla ni habari muhimu sana. Mtu aliyekuwa akifunga meno vizuri wiki iliyopita na leo hayakutani, kuna kitu kimetokea: mfupa umevunjika, kiungo kimeteguka, uvimbe unasukuma meno, au jino limezibwa kwa kujazwa kupita kiasi. Mkutano wa meno ambao umekuwa hivyo tangu utotoni, mara nyingi si ugonjwa.

YANAYOCHANGIA HUKU KWETU

Ajali. Bodaboda zimerahisisha safari kutoka vijiji vya ndani hadi barabara ya lami, lakini pia zimeleta majeraha ya uso. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipochapisha utafiti wao wa majeraha ya uso na mataya mwaka 2011, ajali za barabarani ndizo zilizoongoza. Mtu akidondokea kidevu, nguvu ya pigo hupanda hadi kwenye kiungo kilicho mbele ya sikio na huweza kuvunja shingo ya mfupa pale. Kidevu kinashonwa nyuzi tatu, watu wanarudi nyumbani, na mvunjiko wa juu haukuonekana.

Watoto walioanguka. Mtoto akianguka kutoka juu ya mwembe na kuumia kidevu, hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Damu iliyovilia ndani ya kiungo huweza kugeuka mfupa, na polepole mdomo ukakataa kufunguka. Usaha wa sikio usiotibiwa nao huweza kufika kwenye kiungo na kuleta matokeo hayo hayo. Mtoto huyo hula kwa shida, hawezi kupiga mswaki vizuri, na taya lake la chini halikui sawasawa. Akifika katika hali hiyo, dawa ni upasuaji mkubwa katika hospitali ya rufaa.

Kukaza na kusaga meno. Wengi hukaza meno mchana bila kujua, hasa wakiwa na mawazo mengi au wakiinua mizigo mizito. Wengine husaga meno usingizini. Wazazi wengi huamini kuwa mtoto anayesaga meno usiku ana minyoo. Dawa ya minyoo ina manufaa yake, lakini kusaga meno si dalili ya kutegemewa ya minyoo, na watoto wengi huacha wenyewe wakikua.

Vyakula vigumu. Miwa, mahindi ya kuchoma na michembe iliyokauka sawasawa havimdhuru mtu mwenye taya zima. Kwa mwenye kiungo kinachouma, ni sawa na kumwambia mtu aliyeteguka kifundo cha mguu abebe gunia.

Meno ya nailoni. Tangu miaka ya 1980 imeripotiwa katika sehemu mbalimbali za Tanzania imani kuwa mtoto mchanga anayeharisha au mwenye homa ana "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki" ndani ya ufizi, na kwamba yasipotolewa atakufa. Kinachochokolewa ni chonge changa la mtoto ambalo halijaota. Watoto wengine hufa kwa kupoteza damu au kwa maambukizi. Wanaopona huweza kukosa chonge, au chonge la ukubwani huota likiwa limeharibika au nje ya mstari, na meno ya jirani husogea. Tabibu anayemchunguza kijana mwenye mkutano wa meno usioeleweka amuulize mzazi kwa upole kama jambo hili lilifanyika. Na kamati zetu ziendelee kufundisha kuwa mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kurudisha nguvu, dawa ya zinki na zahanati.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Hatua zifuatazo zimechukuliwa kutoka katika utaratibu wa kimataifa wa kuchunguza matatizo ya kiungo cha taya, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1992 na la sasa mwaka 2014. Tumeziweka katika lugha rahisi ili hata mjumbe wa kamati asiye mhudumu wa afya ajue nini kinapaswa kufanyika.

1. Kuuliza. Tabibu aulize juu ya siku 30 zilizopita. Je, umekuwa na maumivu kwenye taya au panja? Je, ukiamka asubuhi taya huwa limekakamaa? Je, maumivu hubadilika ukitafuna kitu kigumu, ukipiga mwayo, ukiongea sana au ukikaza meno? Maumivu yanayobadilika kwa mwendo wa taya huelekeza kwenye kiungo au misuli. Maumivu yanayoamshwa na maji baridi au chai ya moto, au yanayomwamsha mtu usiku yakidunda mahali pamoja, huelekeza kwenye jino. Aulize pia juu ya ajali, na juu ya matatizo ya maisha, kwa kuwa huzuni na hofu hukaza misuli.

2. Kutazama. Mgonjwa akae wima, uso ukielekea mwanga. Je, uso uko sawa pande zote? Kuna uvimbe? Afungue mdomo polepole. Kidevu kikishuka kwa mstari ulionyooka ni vizuri. Kikienda pembeni kisha kikarudi katikati, mara nyingi kisahani cha kiungo kimehama na kurudi mahali pake. Kikienda pembeni na kubaki huko, kiungo cha upande huo kimezuiwa.

3. Kupima kwa rula. Mgonjwa afungue mdomo kadiri awezavyo, nasi tupime kutoka ncha ya jino la mbele la juu hadi ncha ya jino la mbele la chini. Watu wazima wengi hufikia milimita 40 hadi 55. Kipimo cha haraka ni vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe vikiwa vimesimama kati ya meno. Rula ya plastiki ya mwanafunzi inatosha, ila ikatwe ncha ili sifuri ianze ukingoni kabisa, na isafishwe kwa dawa kila baada ya mgonjwa. Namba iandikwe kwenye kadi. Bila namba, mtu akirudi baada ya mwezi hatutajua kama amepona au amezidi.

4. Kubonyeza. Tabibu abonyeze misuli ya shavu na ya panja kwa uzito wa kama kilo moja kwa sekunde mbili, na juu ya kiungo chenyewe kwa nusu kilo. Mikono hutofautiana, kwa hiyo tunashauri mhudumu ajifunze kwa kubonyeza mizani ya dukani mpaka kidole kizoee uzito huo. Kisha lifuate swali ambalo ni kiini cha uchunguzi wote: "Je, haya ndiyo maumivu yako yale yale?" Kila mtu akibonyezwa huweza kuumia kidogo. Tunachotafuta ni maumivu anayoyafahamu, yaliyomleta zahanati.

5. Kusikiliza. Vidole viwe mbele ya masikio huku mgonjwa akifungua na kufunga mara tatu. Mlio wa "tak" usio na maumivu ni wa kawaida kwa watu wengi wenye afya, nao hauhitaji tiba. Mlio wa kukwaruza kama mchanga, hasa kwa mtu mzima, huonyesha kiungo kilichochakaa. Mlio uliokuwepo ukapotea, na siku hiyo hiyo mdomo ukaacha kufunguka vizuri, ni kisahani kilichokwama.

6. Kutazama meno na mkutano wake. Mgonjwa aume meno ya nyuma. Je, yanagusana pande zote? Je, yamekuwa hivi siku zote? Kisha kila jino la upande unaouma litazamwe kwa kioo na taa, ligongwe taratibu kwa mpini wa kioo, na ufizi ubonyezwe. Jino lenye shimo kubwa, linalouma likigongwa, lenye usaha pembeni, hilo ni jino gonjwa na litibiwe. Shaka ikibaki, ganzi itasaidia kuamua. Jino likitiwa ganzi kamili na maumivu yasipopungua, jino hilo silo mwenye kosa, na koleo irudi kwenye trei.

DALILI AMBAZO HAZISUBIRI

Uchunguzi huu una faida nyingine kubwa kuliko kuokoa meno. Unafichua magonjwa ambayo yakichelewa yanaua. Tunaomba kila kamati iyabandike haya kwenye ubao wa matangazo:

- Mtoto mwenye uvimbe wa taya unaokua haraka, au meno ya nyuma yanayolegea bila sababu. Hii inaweza kuwa saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda. Ni ugonjwa wa maeneo yenye malaria nyingi, na mwambao wa Ziwa Viktoria umo katika ukanda huo. Uvimbe wake hukua kwa siku, si kwa miezi. Kung'oa meno yanayocheza hakusaidii chochote, bali kunapoteza muda. Ugonjwa huu husikia dawa vizuri ukiwahiwa, na Bugando ina idara ya saratani. Mtoto apelekwe siku hiyo hiyo.

- Taya linalokaza lenyewe kwa mtu mwenye kidonda, au kwa mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya. Hii huweza kuwa pepopunda, nayo mara nyingi huanzia kwenye taya.

- Mdomo usiofunguka pamoja na homa, uvimbe chini ya kidevu na shida ya kumeza. Ni usaha unaoshuka shingoni, na unaweza kuziba njia ya hewa.

- Mdomo uliobaki wazi na kukataa kufunga baada ya mwayo au kucheka. Taya limeteguka. Mhudumu aliyefundishwa huweza kulirudisha kwa mikono, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyokuwa rahisi.

- Meno yasiyokutana baada ya ajali, au ganzi ya mdomo wa chini. Fikiria mvunjiko, na mgonjwa apelekwe kupigwa picha ya eksirei.

- Maumivu ya taya yanayokuja mtu akipanda mlima au kubeba mzigo na kuisha akipumzika, pamoja na kifua kubana. Huo unaweza kuwa moyo.

Kwa wagonjwa wa Misungwi njia ya rufaa iko wazi: kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya au Hospitali ya Bukumbi, kisha Mwanza mjini, ambako ni mwendo wa takriban kilomita 45 kutoka Misungwi mjini. Na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea ndugu zetu wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko wakiwa na mgonjwa.

TIBA ISIYOHARIBU

Wengi wa wagonjwa wa kiungo na misuli ya taya hupata nafuu kwa tiba rahisi. Kanuni ni moja: tuanze na yale yanayoweza kurudishwa nyuma. Jino lililosagwa au kung'olewa halirudi.

Mgonjwa aelezwe kwanza kuwa hana saratani wala jino bovu, na kwamba hali hii kwa kawaida hupungua. Maelezo hayo peke yake hushusha hofu, na hofu ikishuka misuli hulegea. Kwa wiki mbili ale vyakula laini: uji, ugali laini wenye mchuzi, samaki aliyechemshwa, viazi vitamu vilivyopikwa vikaiva. Miwa na michembe vingoje. Aweke kitambaa cha uvuguvugu shavuni kwa dakika 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Apewe dawa ya kawaida ya maumivu kwa muda mfupi na kwa kipimo cha tabibu. Akipiga mwayo, aweke ngumi chini ya kidevu.

Kisha ajifunze kanuni ambayo hata mtoto huweza kuikariri: midomo ifunge, meno yaachane. Meno ya juu na ya chini yanapaswa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote yaachane. Mama mmoja anaweza kujikumbusha kila anapowasha moto, na mwalimu kila kengele inapolia.

Baada ya wiki mbili arudi, rula itolewe tena, na namba mpya ilinganishwe na ya kwanza. Asiyepata nafuu, au ambaye namba inashuka, apewe rufaa kwa daktari wa kinywa na meno. Huko anaweza kutengenezewa kifaa cha kuvaa usiku juu ya meno, kupewa mazoezi maalum, au kwa wachache sana kufanyiwa upasuaji. Waya za kunyoosha meno zina kazi yake kwa mtu anayetaka meno yapangike au atafune vizuri zaidi, lakini asiahidiwe kuwa zitamwondolea maumivu ya kiungo.

TUNACHOOMBA

Mwanza inayo historia ya kujivunia katika huduma ya meno vijijini. Katika miaka ya 2000 shirika la Bridge2Aid kutoka Uingereza, likiwa na makao yake hapa, liliwafundisha matabibu wa vijijini kung'oa meno kwa usalama. Kabla ya mafunzo kama hayo, watu wengi walikuwa wakiteseka kwa miezi au kwenda kwa wang'oaji wa mitaani. Kujua kung'oa vizuri ni hatua kubwa. Hatua inayofuata ni kujua lini using'oe.

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu. Kwanza, mfundishe watu wasiende zahanati wakiagiza jino ling'olewe, bali waeleze maumivu na kumwachia tabibu achunguze. Mgonjwa anayeshinikiza na mhudumu aliyechoka ni wepesi kukubaliana vibaya. Pili, kila parokia iwe na mtu mmoja anayejua dalili za hatari tulizotaja, na mfuko mdogo wa nauli kwa ajili ya mtoto mwenye uvimbe wa taya. Tatu, waendesha bodaboda wahimizwe kuvaa kofia ngumu inayofunika kidevu, kwa maana ile ya kufunika utosi peke yake huliacha taya wazi.

Kwa wafadhili wetu, tunajua kiti kipya cha meno hupendeza kwenye picha, na viti vinahitajika kweli. Lakini kwa gharama ndogo sana zahanati inaweza kupata vioo, taa za kichwani, rula, fomu za uchunguzi na siku mbili za mafunzo kwa mhudumu wake, pamoja na mtu wa kumtembelea baada ya miezi mitatu kuona kama fomu zinajazwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika katika bajeti, nacho ndicho hufanya mafunzo yabaki.

Mafanikio ya kazi hii hayatahesabika kwa meno yaliyotolewa. Yatahesabika kwa kadi zenye namba mbili, ya siku ya kwanza na ya wiki ya pili, kwa mtoto aliyefika Bugando mapema, na kwa mama ambaye maumivu yake yamekwisha na magego yake yote bado yamo kinywani.

Tunakaribisha maoni kutoka kila kamati kabla ya toleo lijalo.